Panya Waliokataa Uji

1

Kengele ya kula ililia pleti ya vipimo ikiwa bado na rangi ya buluu.

Dokta Sefu Kijuu hakuigeukia. Kanuni ilisema kengele ikilia kila mtu aache kazi ale, na yeye mwenyewe ndiye aliyeibandika kanuni hiyo kwenye mlango wa maabara. Lakini rangi haimsubiri mtu. Asidi ilitakiwa kuingia kwenye visima vidogo vya pleti kwa wakati wake, la sivyo jibu lingeharibika, na jibu hili nchi nzima ilikuwa imekaa ikilingoja.

"Mzee, utaitwa ofisini tena," alisema Chediel, fundi wa maabara, akivuta bakuli lake la uji. "Juzi yule wa masjala alipitiwa na kengele siku nzima, wakamkuta kaanguka kwenye ngazi. Wanamwamsha, anauliza, 'Kwani leo nimekula?'"

"Kula wewe. Ukianguka wewe, nani ataosha vyombo?"

Chediel alicheka, akageukia ukuta, akanywa uji wake kama anywaye dawa. Ndivyo walivyokula wote pale Kondoa siku hizo, kila mtu na ukuta wake. Zamani usingeweza kupita mbele ya mtu anayekula bila kuambiwa karibu, hata kama mbele yake kulikuwa na kiazi kimoja. Sasa neno hilo lilibaki kwa wageni wa mlangoni tu. Umkaribishe nani, na hakuna anayetaka?

Tangu sindano ya Tulizo ilipoletwa, katika mwaka wa tatu wa kiangazi, hakuna mtu aliyesikia njaa kuanzia Singida mpaka Kondoa. Chakula kilikuwa kidogo vilevile, mabakuli mawili ya uji kwa siku, lakini uchungu wake ulikuwa umeondolewa. Watu waliacha kupigana kwenye maghala. Waliacha kula mbegu. Mbegu za mtama na uwele zilikuwa zimelala ghalani zikingoja mvua, na kengele ndiyo iliyowakumbusha watu kwamba wana matumbo.

Sefu alishika pipeti, akadondosha asidi kisima baada ya kisima.

Alikuwa mtu mwenye fahari na kazi yake, na kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake alimfafanulia kwa maneno yaleyale. Tumbo likiwa tupu, alisema, hutuma homoni ya njaa iende ubongoni, kama mjumbe anayetumwa kubisha hodi. Ubongoni kuna vipokezi, na kipokezi ndiyo mlango wenyewe. Tulizo haimzuii mjumbe. Inafunga mlango. Ukiacha sindano mwezi mmoja au miwili, mlango unafunguka, njaa inarudi. Hilo lilishathibitishwa kwa panya na kwa watu.

Swali lililobaki lilikuwa la watoto. Je, panya aliyetungwa na kuzaliwa na mama mwenye Tulizo anazaliwa na milango yake?

Pleti ile ndiyo iliyojua. Ilikuwa kibao cha plastiki chenye visima vidogo, kila kimoja hakizidi kifuniko cha kalamu, na chini ya kila kisima palikuwa pamepakwa kingamwili, kitu kilichofundishwa kukamata kipokezi cha njaa cha panya na kuacha kila kitu kingine kipite. Unasaga kipande cha ubongo wa panya, unamimina maji yake. Kipokezi kikiwemo, kinanaswa. Unasuuza, unatia kingamwili cha pili, halafu dawa inayogeuka buluu, mwisho asidi. Kisima chenye vipokezi kinakuwa cha njano. Kisicho navyo kinabaki cheupe kama maji ya mtungini.

Buluu ilianza kufa. Njano ikaja, kisima hadi kisima, safu nzima ya watoto wa panya, njano iliyokolea kama kiini cha yai la kienyeji.

"Wanavyo," alisema Sefu. Sauti yake ilitoka ndogo. "Chediel, wanavyo wote."

"Si nilikwambia? Kama pleti ya kwanza."

Kwa jibu la pleti ya kwanza, mwaka uliopita, wajawazito wa Kondoa waliruhusiwa kuchomwa Tulizo. Miongoni mwao alikuwemo Zamda, binti wa Sefu, aliyemuuliza baba yake kwanza, na baba yake akamwambia, "Chomwa, mwanangu, panya wako salama." Mjukuu alikuwa na wiki chache sasa. Jina lake Yasini. Kwa jibu la pleti hii ya pili, wangeruhusiwa wajawazito wa nchi nzima.

Sefu alikiweka kidole chake kwenye mashine, akatia sahihi kwenye cheti. Papo hapo simu ya Mkurugenzi Mahundi ikaita kutoka jengo la pili.

"Mzee Kijuu! Umetupa usingizi, ndugu yangu. Keshokutwa asubuhi unawasomea wauguzi redioni, na mchana wanaanza kuchoma."

2

Furaha ilimpeleka bandani. Alitaka kumshukuru Bi Zena, mlezi wa panya, maana bila yeye hakuna sampuli, na watu walikuwa na tabia ya kumsahau.

Banda lilikuwa ng'ambo ya ua, la matofali, lenye madirisha ya wavu. Alipokaribia alisikia mlio wa ajabu. Kijiko kilikuwa kikigongwa kwenye kopo, taratibu, ti, ti, ti, na sauti ya mwanamke ikibembeleza.

"Haya, mabwana. Bismillahi. Nani anaanza? Wewe mwenye sikio bovu, njoo wewe, usinifanyie maringo."

Bi Zena alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya rafu, mahali ambapo Sefu hakuwa amefika tangu banda lijengwe. Mapajani alikuwa na tenga lililotandikwa pamba. Ndani ya tenga panya weupe walilala wametulia, macho wazi. Alimchukua mmoja, akamwekea tone la uji mdomoni kwa kidondoshi cha dawa ya macho. Panya alilamba. Alipoacha kumwekea, panya naye akaacha, akakaa vilevile, kama hakuna kilichotokea.

"Bi Zena, hawa ni wa nani?"

Alishtuka, uji ukamwagika. "Daktari! Mbona unaingia kama mwizi? Hawa... hawa wagonjwa wangu."

"Wagonjwa wa kundi gani?"

"La watoto. Wale wa mama waliochomwa."

Sefu alijikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nieleze polepole."

"Kuna la kueleza? Uliniambia, Bi Zena, niletee watoto wazima wa kundi lile. Nikawaleta wazima."

"Uliwajuaje wazima?"

Bi Zena alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea wapi. Baba yake alikuwa mchinjaji wa machinjio ya mjini, na kabla yake babu yake, na jambo hilo alilijua kabla ya kujua kusoma.

"Mnyama hapelekwi kuchinjwa ana kiu wala ana njaa, Daktari. Hata kama ni panya, hata kama nyie mnamtia kwenye chupa ya usingizi badala ya kisu, roho ni roho. Namwekea kwanza tone la uji mbele yake. Akilifuata mwenyewe, namsomea, nakuletea. Akikataa, hachinjwi. Mnyama anayekataa ni mgonjwa, na mgonjwa ni haramu kumharakisha. Marehemu baba alikuwa anamrudisha ng'ombe zizini, mwenye ng'ombe apige kelele asipige."

"Na hawa walikataa."

"Walikataa. Hawakutaka hata ziwa la mama zao tangu walipozaliwa. Nilikuwa nawabandika mimi mwenyewe kwenye chuchu, kila kengele ikilia. Wakubwa sasa. Ukiwagongea kijiko ukawawekea mdomoni, wanakula. Usipowagongea, wanakutazama tu mpaka wafe. Wawili walinifia kwenye sikukuu, nilipokwenda kwa dada yangu." Alifuta vidole kwenye kanga. "Sikukwambia kwa sababu ungewatupa. Nyie mgonjwa mnamtupa."

Sefu alitazama tenga.

Sheria ya kwanza ya kupima, ile anayofundishwa mwanafunzi hata kabla ya kushika pipeti, ni kuchukua sampuli bila kuchagua. Chukua huyu na yule kama unavyochota mtama gizani. Yeye aliijua sheria hiyo miaka yote, na hakuwahi kumwambia Bi Zena. Alisema tu, niletee wazima. Kwa hiyo kila panya aliyefika mezani kwake alikuwa ameshafanyiwa mtihani wa njaa, akafaulu. Pleti ya kwanza na pleti ya pili zilikuwa zimesema kweli tupu juu ya panya waliopokea uji. Juu ya waliokataa hazikuulizwa.

"Nimekosea, Daktari?"

"Sijui kama ni wewe," alisema. "Nipe watatu."

"Hapana."

"Bi Zena."

"Wamekataa uji, hawachinjwi. Nimewalea hawa."

"Keshokutwa watachomwa kina mama wa nchi nzima."

Bi Zena aliinama kwenye tenga, akachagua. Kila mmoja alimgongea kijiko, akampa tone lake, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga. Alipomkabidhi wa tatu alikuwa amegeuza uso ukutani.

3

Pleti ndogo ya panya waliokataa ilibaki nyeupe.

"Umesahau kingamwili cha pili," alisema Chediel. "Tena nilikuona unasinzia."

"Tazama visima vya kipimo."

Pembeni mwa kila pleti huwekwa visima vyenye vipokezi vya kiasi kinachojulikana, kutoka kingi mpaka kidogo, ili mtu ajue vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vinafanya kazi. Visima hivyo vilikuwa vimepangana vizuri, njano iliyokolea, njano, njano hafifu, kama ngazi. Boksi la vitendanishi lilikuwa zima. Kando ya ngazi ile, visima vya panya watatu vilikuwa havina hata kivuli cha rangi.

"Tulizo inafunga mlango," alisema Sefu. "Kwa mtu mzima, mlango upo, unafungwa na kufunguliwa. Hawa ukuta wao ulijengwa dawa ikiwa imesimama palepale. Mafundi waliuruka mlango. Ukuta umefungana."

"Wote waliozaliwa?"

"Siyo wote. Wale wa njano ni kweli wa njano. Ila hatujui wangapi, kwa sababu tumekuwa tukihesabu upande mmoja."

Chediel alivua glavu, moja, kisha nyingine. Alikuwa kijana wa mzaha, lakini mzaha ulikuwa umemtoka. "Mzee, na Yasini? Si upime tone la damu yake tujue?"

Wazo hilo Sefu alikuwa nalo tangu bandani, na lilikuwa limeshamchoma na kupoa. Alimgeuzia Chediel ubavu wa boksi, palipochapwa picha ya panya.

"Kingamwili hiki kimefundishwa panya. Mbele ya kipokezi cha mtu ni kipofu. Na hata kingekuwa cha mtu, vipokezi hivi haviko kwenye damu, viko ubongoni. Kwa panya tunafungua kichwa." Alilirudisha boksi kwenye friji. "Siwezi kumpima mjukuu wangu."

Mkurugenzi Anjelo Mahundi alikuja mwenyewe, bila kuita. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi cha vumbi, na Sefu alikuwa na sababu ya kumheshimu: katika mwaka wa pili wa kiangazi alikuwa amezika watoto wawili ndani ya juma moja, kabla Tulizo haijaja. Aliitazama pleti nyeupe kwa muda mrefu.

"Watatu," alisema hatimaye. "Panya watatu waliofichwa kwenye tenga na mama mmoja."

"Nitapima waliobaki. Nipe wiki moja. Sitisha usomaji."

"Nikisitisha, wataniuliza kwa nini. Nikisema kwa nini, kesho hakuna mwanamke atakayekubali sindano, mjamzito au si mjamzito. Nao waume zao pia. Mwezi ukiisha njaa inarudi, Mzee Kijuu. Inarudi kwa watu wenye mabakuli mawili ya uji. Wewe ulikuwepo. Uliona watu walivyovunja ghala la Kolo. Mbegu zilizopo leo zipo kwa sababu hakuna anayezitamani. Warudishie njaa, watazila, na mvua ikinyesha tutapanda mawe."

"Najua."

"Basi pima hili pia. Mtoto asiye na njaa anaumia nini? Haumii! Atakula kwa kengele. Mimi nakula kwa kengele, wewe unakula kwa kengele."

"Sisi tunajua kengele inatuita kwenye nini," alisema Sefu. "Mimi nikiisikia nakumbuka mama yangu anavyopakua. Hawa watakuwa wanasikia chuma tu. Na siku kengele ikinyamaza, mkuu? Umeme ukikatika? Mlezi akienda sikukuu kwa dada yake? Wewe na mimi tutaamka na njaa baada ya mwezi. Wao watakaa wanatutazama mpaka wafe."

Mahundi alikohoa, akajifuta. "Unasema hivyo kwa sababu ya mjukuu wako."

"Nasema hivyo kwa sababu ya panya. Kwa sababu ya mjukuu wangu nilitamani kunyamaza."

Hilo lilikuwa kweli, na kulisema kulimuuma. Pleti ya njano ikibaki ndiyo jibu, Yasini angekuwa mtoto mtulivu, kama majirani walivyomsifu, mtoto aliyelelewa kwa dua, hasumbui mama yake. Pleti nyeupe ikisomwa, angekuwa kitu kingine, na wa kwanza kumwita hivyo angekuwa babu yake.

"Sahihi yako iko kwenye cheti," alisema Mahundi alipofika mlangoni. "Soma kilichotiwa sahihi. Panya waliobaki tutawapima kimyakimya, mimi na wewe, na ukiona ni wengi, tutatafuta namna."

4

Usomaji ulifanyika ofisini kwa mkurugenzi, mbele ya kipaza sauti kilichofungwa kwa kipande cha sponji. Mamlaka ya Lishe iliweka utaratibu huo baada ya matokeo kuchakachuliwa huko nyuma: kabla ya dawa kuingia kwenye mkono wa mtu, aliyepima sharti asome kwa sauti yake, na wauguzi wa kila zahanati wasikilize na waulize kwa redio zao za zahanati. Kila mwenye redio nyumbani angeweza kusikiliza pia.

Mahundi alikaa upande wa pili wa meza, kidole karibu na swichi.

"Mimi ni Sefu Kijuu wa maabara ya Kondoa," alianza. "Nilipima vipokezi vya homoni ya njaa kwa watoto wa panya ambao mama zao walipewa Tulizo wakiwa na mimba. Sampuli zote nilizopima mwanzo zilikuwa na vipokezi."

Kidole cha Mahundi kilitulia.

"Sampuli hizo zilichaguliwa. Panya walioletwa mezani kwangu walikuwa wale waliokubali kula. Waliokataa walibaki bandani bila kupimwa, na sikuuliza kama wapo. Nimepima watatu kati yao. Hawana kipokezi hata kimoja."

Mahundi alinyanyua mkono kuelekea swichi. Mkono ukabaki hewani. Sefu hakumtazama, lakini baadaye alikuja kumfikiria sana mtu yule, na watoto wake wawili, na mkono ule ambao haukushuka.

"Cheti nilichotia sahihi nakiondoa. Wauguzi, msichome mjamzito yeyote. Waliokwisha kuchomwa hapa Kondoa, watoto wenu wawekeni kifuani kila kengele inapolia, walie wasilie. Msingoje walie. Narudia. Msingoje walie."

Redio ilikwaruza. Kisha sauti ya muuguzi mmoja, kwenye zahanati fulani ya Kondoa, ikauliza, "Na kina mama wanaowanyonyesha hawa, Daktari, tuwaambie nini?"

Sefu alifungua kinywa. Hapo ndipo Mahundi alipozima.

"Hilo," alisema, "ndilo nililotaka kukuepusha nalo." Alinyoosha kiganja juu ya meza, na Sefu akavua kitambulisho chake shingoni, akakiweka.

5

Alikwenda nyumbani kwa miguu, mchana kweupe. Njiani watu walikuwa wamesimama kwenye milango. Mama Shufaa, jirani yake, mwanamke wa mdomo mkubwa na moyo mkubwa kuliko mdomo, alimkatia njia akiwa ameshika kiuno.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Mama Shufaa."

"Nimesikia hotuba yako. Basi mie nina watoto sita na mabakuli kumi na mawili. Watu wameapa hawachomwi tena. Hiyo njaa unayotuletea, nitaipikia nini?"

Alitafuta jibu la kisayansi, akakosa. Alitafuta la kidini, akaona haya. "Sijui, mama."

"Hujui." Alimwangalia kidogo zaidi, akasogea pembeni kumpisha. "Angalau leo umesema hujui. Nenda kwa binti yako. Hajafungua mlango tangu redio izimwe."

Zamda alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, Yasini mapajani. Mtoto alikuwa na macho makubwa meusi, yaliyofuata vumbi likicheza kwenye mwanga wa dirisha. Hakusikika hata pumzi.

"Nilidhani unasoma habari za watu wengine," alisema Zamda.

"Mwanangu."

"Majirani wananiambia, una bahati, wa kwako halii. Nami nikamsifu kwa wenzangu, baba. Nikamsifu." Alimwinua mtoto kidogo kumwelekea baba yake. "Mpime."

"Haiwezekani. Vitendanishi vyetu ni vya panya."

"Ina maana unajua mambo ya panya kuliko ya mtoto huyu?"

"Ndiyo," alisema Sefu.

Ukutani, kama katika kila nyumba, palikuwa na kengele ndogo ya kula, kisanduku cha rangi ya maziwa; penye mtoto mchanga ilitegeshwa ilie kila baada ya saa chache. Zamda alimweka mtoto mkekani, akainuka, akakifungua kisanduku, akatoa betri, akazifunga kwenye ncha ya kanga.

"Basi tumpime hivi. Yasini ananyonya kwa kengele. Leo hakuna kengele. Tutangoja. Kama mlango anao, atalia."

Sefu alitaka kukataa, na hakuweza, kwa kuwa ndicho kipimo pekee kilichokuwepo. Alikaa mkekani mkabala na binti yake. Mtoto alilala katikati yao.

Muda ulipita. Jua lilihama kutoka kwenye mkeka likapanda ukutani. Kupitia kuta walisikia kengele za nyumba nyingine zikilia, moja baada ya nyingine, kisha milio ya vijiko. Kifua cha Zamda kilielewa kabla ya yeye mwenyewe. Maziwa yalitoka yenyewe, yakachora madoa mawili kwenye gauni. Hakuyafuta.

"Lia, baba," alimwambia mtoto kwa kunong'ona. "Lia hata kidogo. Nitukane."

Yasini alifungua kinywa. Wote wawili waliinama juu yake.

Alipiga mwayo. Kisha akarudisha macho kwenye vumbi.

Walingoja tena. Midomo ya mtoto ilianza kukauka, na utosi wake laini, pale unapoonekana mapigo, ukawa umebonyea kidogo. Sefu aliuona. Aliwahi kuuona utosi wa namna hiyo katika mwaka wa pili, kwa watoto waliokuwa wakilia mpaka sauti zikawakauka. Huyu alikuwa akielekea kulekule, ila kwa amani.

"Mnyonyeshe."

"Hajalia bado."

"Yatosha, mama. Tumeshajua."

"Hatujajua! Labda baada ya kidogo. Labda yeye ni wa njano, anachelewa tu." Alimgusa mtoto shavu. "Labda ni mpole."

"Labda. Bi Zena anayelea panya wangu hakungoja kujua. Aliwagongea kijiko, akawapa. Aliowagongea wako hai mpaka leo, ukiacha wale niliowachukua mimi." Aliingiza mikono chini ya mjukuu wake, akamwinua, akampa mama yake. "Mpe."

Zamda alimpokea. Alifungua kifungo, akaligusisha titi kwenye shavu la mtoto, lakini Yasini hakugeuka. Yule mama alikuwa kama mtu anayetafuta neno alilosahau mahali alipoliweka.

"Karibu," alisema.

Aliisukuma chuchu taratibu mdomoni.

"Karibu, mwanangu. Karibu chakula."

Midomo ilijifunga. Koo dogo likasogea, mara moja, tena, na tena. Zamda alilia machozi ya kimya yaliyoshuka mpaka kwenye nywele za mtoto, na kila Yasini alipoacha kunyonya, alimkaribisha upya. Alipoacha alimkaribisha. Sefu aliwaza siku zote za maisha ya mtoto huyu, asubuhi na jioni, shuleni, safarini, uzeeni wakati wao wawili hawapo tena, na katika kila moja ya siku hizo palihitajika mtu wa kusema neno lile.

"Na wewe baba, umekula leo?"

Alijaribu kukumbuka, asikumbuke. Tumboni hapakuwa na dalili yoyote. Sindano yake ya mwezi huu ilikuwa bado inafanya kazi.

Zamda alinyoosha mguu, akalisukuma kwa wayo bakuli la uji uliopoa, lililokuwa limefunikwa kwa sahani kando ya mkeka.

"Karibu," alimwambia.

"Ahsante," alisema Sefu. Alilivuta bakuli, na kwa mazoea mwili wake ukaanza kugeukia ukuta. Akauzuia. Akakaa hivyohivyo, amewatazama, akala.